Nani Alililaza Sanduku la Mzee Okuda

Nyinyi mnaoanza kazi ya kufunga mizigo kwenye maghala ya Jeffersontown, hapa Louisville, mmeniomba niwaeleze namna ya kuifanya kazi hii miaka mingi bila kuharibu mgongo. Mgongo tutaufikia. Ila nianze na linaloniuma zaidi ya mgongo. Katika kampuni niliyoitumikia mpaka nikastaafu kuna faili, na ndani ya faili hilo kuna ripoti inayosema kwamba mimi, Mama Nestori, nilifunga vibaya manowari ya mbao ya mzee mmoja Mjapani, ikafika Buffalo imekatika vipande viwili. Ripoti hiyo ni ya uongo. Manowari ile niliifunga vizuri kuliko kitu chochote nilichopata kukifunga, na aliyeandika vile hakuwepo, hakuuliza, wala hakutaka kujua. Miaka imepita, na bado nikiikumbuka nakuta nimeacha bomba la maji wazi jikoni, nabishana na watu ambao hawapo.

Kwa hiyo mnisikilize kama mnavyomsikiliza mtu mwenye hasira. Sitapunguza.

Nilikuja Louisville kutoka kambini Tanzania, mimi na watoto wangu, bila neno la Kiingereza. Nilipewa kazi ya kufunga vyombo vya watu wanaohama nyumba. Aliyenifundisha alikuwa Mkongomani wa Uvira, Baba Furaha, ambaye kwao alikuwa fundi wa makabati. Wiki ya kwanza nilifunga jiko zima la mama mmoja kwa siku moja, nikajisifu. Siku ya tatu akapiga simu ofisini akilia: baba yake yuko wapi? Kumbe kile chombo kizuri cha udongo chenye kifuniko, nilichokikuta juu ya rafu, kilikuwa na majivu ya marehemu baba yake. Mimi nilikifunga pamoja na bizari na mdalasini, na juu ya boksi nikachora alama ya sufuria. Baba Furaha alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanishika mkono, akaniambia, "Mama Nestori, mbele ya kufunga kitu, uliza mwenyewe: hii ni nini kwako? Hapana jina ya kitu. Ni nini kwako."

Hilo liwe somo la kwanza. La pili ni la nafasi. Ukimaliza kufunga, Baba Furaha alikuwa analitikisa boksi karibu na sikio lake kama daktari. Likitoa sauti, analirudisha. "Bon, umeacha nafasi. Kitu ikipata nafasi ya kutembea, inatembea mpaka inapasuka." Na mgongo, nimewaahidi: piga goti, usiiname. Likumbatie boksi karibu na kifua kama mtoto aliyelala, kisha simama kwa mapaja. Ukiona mtu anainama kiunoni na kunyanyua kwa mikono iliyonyooka, huyo mwakani hamtakuwa naye.

Siku hizo tulikuwa tunapewa nyumba na kuambiwa, "Fungeni, mkimaliza mseme." Baadaye akaja msimamizi mpya, kijana mpole aitwaye Keli, na skana, vile vimashine vya kusoma alama za mizigo, za kuvaa mkononi. Kila boksi likapewa dakika zake. Sahani, dakika kadhaa. Taa, dakika kadhaa. Skana inapiga kelele dakika zikiisha, na kelele yenyewe inaandikwa mahali. Keli hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekuwa akiogopa namba kuliko alivyokuwa akiogopa kitu kuvunjika, na kwa kazi hii hilo ni baya vya kutosha.

Mwaka 2015 tuliitwa nyumbani kwa Bi Michiko, si mbali na ghala letu. Mume wake alikuwa mhandisi kwenye kiwanda cha vipuri vya magari, na baba yake Bi Michiko, Mzee Okuda, alikuja kuishi nao baada ya kufiwa na mkewe huko Japani. Alikuwa amepita miaka tisini. Alikaa kwenye kiti cha mikono karibu na dirisha, na mbele yake mezani ilikuwako manowari ya mbao, ndefu kuliko kitanda cha mtoto, rangi ya kijivu, yenye mizinga ya pini za shaba na kamba nyembamba kama unywele. Aliijenga kwa miaka tisa. Ilikuwa aina ile ya manowari ndogo za mbio wanazoziita destroya. Jina lake kwa Kijapani lilikuwa na maana ya umande wa asubuhi.

Chama cha watu wanaotengeneza meli za mfano kule Buffalo kilikuwa kinaandaa maonyesho, wakamwandikia Bi Michiko wakiomba kuionyesha. Mzee alikubali kwa sharti moja: ionekane nzima, kama ilivyokuwa ikisafiri.

Meli pekee niliyopata kuipanda ni ile ya Ziwa Tanganyika, na niliipanda nikitapika. Kwa hiyo nilimuuliza mzee swali la Baba Furaha. Hii ni nini kwako? Kiingereza chake kilikuwa kibovu kama changu, na hiyo ndiyo sababu tulielewana haraka. Pale kilipokwama, Bi Michiko alitafsiri.

"Mimi mpishi," akasema. "Mpishi mdogo. Miaka kumi na tisa."

Alinieleza kwamba manowari ile iliundwa kwa ajili ya kukimbia. Kazi yake ilikuwa kuwinda nyambizi na kulinda meli kubwa. Mwaka wa kwanza wa vita ilifanya hivyo, na mabaharia waliipenda kama watu wanavyompenda farasi. Kisha vita vikageuka. Ndege za Wamarekani zikatawala mchana, meli za mizigo zikawa zinazama kabla ya kufika visiwani, na wakubwa wakaamua manowari za mbio zibebe mchele na askari usiku na kurudi kabla jua halijawa kali.

"Wakaifanya lori," akasema, akapiga mkono wa kiti. Sijui kama mmewahi kumwona mtu wa miaka tisini amekasirika kwa jambo la ujanani. Mishipa ya shingo ilimtoka. "Lori! Magunia juu, magunia chini. Askari wamelala juu ya mitambo ya kurushia makombora. Kapteni aliandika barua kwa wakubwa, akasema hivi hatuwezi kupigana, hivi tutakufa. Wakamjibu, beba."

Mpishi mkuu wake aliitwa Tamura, mtu wa mji wa jirani na kwao, mnene, mwenye kuimba akiosha mchele. Asubuhi moja wakirudi kutoka visiwani, Tamura alimtuma akamwage maji ya kuoshea mchele baharini. Okuda akatoka na ndoo. Alikuwa amesimama ukingoni, ndoo imeinama, nyambizi ikapiga. Meli ilikatika katikati. Nusu ya mbele, yenye jiko, ilikwenda chini upesi, upesi kiasi kwamba alikuwa bado ameshika ndoo. Nusu ya nyuma ilikaa kidogo, kisha nayo ikafuata. Yeye alielea na pipa tupu la mchele mpaka mchana, walipookotwa na manowari nyingine ya kwao.

Alipomaliza aliinua kipande cha sitaha cha ile manowari ya mbao, kama anavyofungua mtu kifuniko cha kalamu, akatoa karatasi ndefu iliyokunjwa. Majina. Zaidi ya mia mbili. Alipitisha kidole: huyu wa redio, huyu wa mzinga, huyu wa tanuru. "Hawa wamo ndani," akasema. "Funga nao."

Sasa sikilizeni nilivyofunga, maana hapa ndipo ninaposhtakiwa. Kitu chenye milingoti na kamba hukizungushii kitambaa, utavunja kila kinachochomoza. Unakishika kwa tumbo. Nilimwomba Baba Furaha akate vitanda viwili vya mbao vinavyofuata umbo la meli, tukavivalisha sponji, tukakaza kitako chake kwa skrubu kwenye sakafu ya sanduku la ndani, hewa tupu ikiizunguka pande zote. Sanduku hilo tukaliweka ndani ya sanduku kubwa la mbao, na katikati ya masanduku hayo mawili sponji nzito, ili likianguka la nje, la ndani libembee tu. Nikachora mishale ya juu pande nne. Nikabandika kile kibandiko cheupe ambacho sanduku likilazwa kinageuka chekundu na hakirudi tena kuwa cheupe. Baba Furaha akatia sikio. Kimya.

Ilichukua siku nzima. Skana ilipiga kelele mpaka nikaivua nikaiweka chini ya mto wa kiti. Keli akapiga simu. "Mama, mbona kazi ya dakika arobaini bado?"

"Bado," nikamjibu.

"Ni mdoli wa meli, Mama."

Nilikata simu. Sikujua neno la Kiingereza la kumjibu, na nililolijua lisingefaa mbele ya Mzee Okuda.

Mizigo ya kaskazini ilikuwa inapitia depo ya Columbus, inapangwa upya kwenye malori, ndipo inakwenda Buffalo. Siku nane baadaye Keli akaniita ofisini. Mezani palikuwa na picha ya manowari imekatika katikati, mlingoti umelala, na karatasi yenye maandishi madogo. Alinisomea polepole. Ilisema kwamba mfungaji hakufuata taratibu, na kwamba mfungaji anakubali kosa. Chini palikuwa na mstari.

"Saini hapa tu. Ukisaini ni onyo, basi, limekwisha," akasema.

Niliitazama picha. Pembeni ilionekana sehemu ya sanduku la nje, na mahali nilipobandika kibandiko palikuwa na mraba uliochubuka, nyuzi za mbao zimeinuka. Kibandiko kile hakidondoki chenyewe. Kinang'olewa.

"Nani alililaza?" nikauliza.

"Hakuna aliyelilaza."

"Basi kibandiko kiko wapi?"

Keli akatazama picha, akatazama mlango. "Nipe jibu Jumatatu," akasema.

Jioni hiyo Bi Michiko alinipigia. Baba yake hakuwa amekula tangu jana. Na kulikuwa na jambo jingine: yule bwana anayesimamia maonyesho, aitwaye Dag, alikuwa amependekeza manowari iachwe hivyohivyo. Alisema imevunjika palepale ilipovunjika ile ya kweli, na watu watavutiwa zaidi. Maonyesho yalikuwa Jumapili, na tiketi zao za ndege zilikwisha kukatwa.

"Na mzee anasemaje?" nikamuuliza.

"Anasema waache. Anasema amezoea."

Neno lile, amezoea, lilinipanda kichwani. Nilimweleza Baba Furaha kwenye maegesho ya ghala, nikitembea huku na huku kama kichaa. Yeye alikuwa anakula karanga. "Donc," akasema, "gundi iko. Mbao iko. Gari iko. Tunangoja nini?" Nikampigia tena Bi Michiko kumwomba ruhusa. Alikubali, akasema nisimwambie baba yake mpaka tumalize.

Tuliondoka Ijumaa baada ya zamu, tukalala Columbus, mtaa wa Linden, kwa dada yake Baba Furaha, aliyetupa ugali na sombe, kisamvu cha kwao, na kutugombeza kwa kutosema mapema kwamba tunakuja. Jumamosi alfajiri tulipita kwenye ile depo. Sikuwa na mpango. Nilitaka tu kuuona mlango ambao sanduku langu liliingia likiwa zima.

Nje, kwenye ngazi, alikaa mwanamume wa kama miaka thelathini akinywa chai, akiongea Kiswahili kwenye simu, Kiswahili cha Nairobi. Nilimsalimu, akasimama kwa heshima. Nikamweleza ninachotafuta. Rangi ya uso ilimbadilika.

"Lile sanduku refu la mishale?" akasema kwa sauti ya chini. "Mama, nililiona. Lori ilikuwa imejaa, na boss akasema lazima kila kitu iingie. Tukalilaza. Halafu likateleza kwa foklifti. Ile stika ikageuka red. Boss akaitoa, akaiweka mfukoni."

Nikamshika mkono wa koti. "Niandikie hayo. Mistari miwili tu."

"Mama, siwezi." Machozi yalimlengalenga. "Mimi ni mwanafunzi, niko mwaka wa tatu wa PhD hapo chuoni. Viza yangu hainiruhusu kufanya kazi hapa. Nikiandika jina langu, wananirudisha nyumbani."

Nilimkasirikia. Nasema ukweli, kwa muda nilimkasirikia kabisa. Halafu nikaona viatu vyake, vyembamba, vya mtu wa maktaba, vimepasuka kwa kazi ya kubeba, na hasira ikamwacha ikaenda kwa mtu aliyeweka kibandiko changu mfukoni huku akijua kwamba mashahidi wake wote ni watu wasioweza kusema. Hivi ndivyo wanavyofanya, wanangu. Wanajua nani ana karatasi na nani hana kabla hujafungua mdomo. Nilimwahidi yule ndugu kwamba sitamtaja, na mpaka leo jina lake sijampa mtu.

Buffalo tulifika saa sita mchana. Ukumbi ulikuwa karibu na ziwa, baridi inapita chini ya mlango. Dag alikuwa mtu mkubwa mwenye ndevu, mchangamfu, akatukaribisha kahawa. Akatuonyesha kwa furaha alichokitengeneza: ubao uliopakwa rangi kama bahari, na nusu mbili za manowari zimesimamishwa zikiwa zimetengana, moja imeinamisha pua, na taa nyekundu katikati. Karibu yake kibao kilichoandikwa "adui."

Baba Furaha aliweka sanduku lake la vifaa chini. Mimi ndiye niliyesema, na Kiingereza changu kilitoka kikiwa kimevunjika kuliko ile meli.

"Mzee amekaa miaka tisa kuiunganisha. Wewe umekaa siku tatu kuizamisha tena."

"Lakini ndivyo ilivyokuwa," akasema Dag, mikono imeinuliwa. "Ni historia."

"Alikuwamo humo! Alikuomba nzima. Ulisema ndiyo. Ulimwandikia, ndiyo. Sasa imevunjika, mwenye kosa wanasema mimi, na wewe unasema vizuri, nzuri zaidi. Umewahi kumwuliza yeye? Yeye mwenyewe?"

Shingo ya Dag iligeuka nyekundu. "Nilimwuliza binti yake," akasema. Halafu, kwa sauti nyingine, "Hapana. Sikumwuliza yeye." Akazima ile taa, akaisogeza meza kubwa hadi dirishani penye mwanga, akaanza kupangusa vumbi kwa mkono wa shati lake.

Baba Furaha alifanya kazi mpaka jioni. Angalieni alivyofanya, mtahitaji siku moja. Hakupaka gundi juu ya jeraha. Alitoboa matundu madogo ndani ya pande zote mbili, akachomeka vijiti vya mwanzi, akatia gundi kidogo sana, akazibana nusu hizo kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, kwa sababu mpira unabana sawasawa kila upande na hauachi alama. Dag alishika taa. Mimi nilifunga upya kamba za mlingoti kwa koleo la nyusi nililonunua duka la dawa. Tulipomaliza ulibaki ufa mmoja mwembamba kwenye ubavu. Dag alitaka kuupaka rangi. Baba Furaha akakataa. "Iache. Mwenyewe ataisoma."

Jumapili Mzee Okuda aliingia kwenye kiti cha magurudumu, Bi Michiko akisukuma. Aliiona manowari yake nzima mezani. Alipitisha kidole kwenye ule ufa, taratibu, kutoka juu hadi chini. Kisha akamtazama Baba Furaha, akainamisha kichwa hadi karibu na magoti. Baba Furaha, ambaye huwa ana neno kwa kila kitu, akainama vilevile.

Watu walianza kuja, baba na watoto wao, wazee wenye kofia za jeshi. Mmoja wao, si kwa ubaya nadhani, alisimama mbele ya mzee akauliza, "Mliua wangapi wa kwetu?"

Bi Michiko alisita, lakini mzee alikuwa ameelewa. "Nilipika wali," akajibu. Yule mtu akavua kofia.

Hapo mzee akainua kile kipande cha sitaha, akatoa karatasi ya majina, akaanza kusoma kwa sauti. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Dag alikwenda kukiondoa kile kibao cha "adui", akarudi akasimama nyuma yake. Usomaji ulikuwa mrefu. Wengine waliondoka, wengine walikaa. Sauti ya mzee ilikwisha, akanywa maji, akaendelea. Alipofika kwenye jina la Tamura aliacha kusoma, akaiweka karatasi magotini.

Akaanza kuongea Kijapani, akimwelekea binti yake. Bi Michiko alitutafsiria kwa sababu nilimwuliza, na nilijuta kumwuliza, maana nilimwona akiyasikia mambo hayo kwa mara ya kwanza.

Walipookolewa, alisema, hawakurudishwa nyumbani. Waliwekwa kambini mbali na watu. Kisha mmoja mmoja akaitwa mbele ya ofisa na karatasi. Karatasi ilisema kwamba manowari haijazama, kwamba hakuna lililotokea, na kwamba mwenye kusaini hatamwambia mtu yeyote, hata mama yake. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alisaini. Wote walisaini.

Baadaye alipewa likizo ya siku chache. Kwenye stesheni ya mji wa jirani akakutana na mama yake Tamura. Mama yule alimjua, maana aliwahi kumwona na mwanawe. Alimkimbilia. "Mwanangu hajambo? Anakula?"

Bi Michiko akaacha kutafsiri. Mzee akarudia maneno yake, polepole zaidi, mpaka binti yake akayatafsiri.

"Nikasema, hajambo. Amenenepa."

Mama yule alicheka kwa furaha. Akakimbia nyumbani, akarudi kabla treni haijaondoka na kifurushi cha viazi vitamu vilivyokaushwa, kama ile michembe tuliyokuwa tukila kule Tanzania, akasema ampelekee. Na yeye Okuda, ndani ya treni, hakujua afanye nini na kifurushi kile. Kukitupa hakuweza. Kukirudisha hakuweza. Alikila. Alikila chote, hadi Tokyo, akilia, na abiria wakimtazama. Vita vilipokwisha alirudi kumtafuta yule mama ili amwambie kweli. Mtaa ule ulikuwa umeteketea.

"Karatasi moja," akasema mzee kwa Kiingereza chake, akinitazama mimi. Akaonyesha kwa kidole hewani, kama mtu anayeandika jina lake. Kisha akachukua ile orodha, akalisoma jina la Tamura, na akaendelea hadi la mwisho.

Mzee Okuda alifariki kabla mwaka haujaisha. Bi Michiko aliniita, nikaenda, nikakaa na familia. Kuhusu mimi, nitawaambia moja kwa moja, msije mkadhani hadithi hii ina malipo. Nilihamishiwa kwenye kona ya kukunja maboksi matupu, kazi ya kusimama sehemu moja zamu nzima, na huko ndiko nilikomalizia miaka yangu. Baba Furaha aliacha kazi akafungua karakana. Yule wa Columbus alimaliza masomo yake. Aliyetia kibandiko mfukoni, kwa ninavyojua, alipandishwa cheo. Ndiyo, nimekasirika. Kwa nini nisikasirike? Mkiniona kanisani nimetulia, msidanganyike.

Jumatatu ile niliingia ofisini kwa Keli nikiwa sijalala vizuri, vidole bado vina gundi. Karatasi ilikuwa palepale mezani. Keli akaisukuma kwangu, kalamu juu yake.

"Andika kwanza kwamba sanduku lililazwa," nikamwambia.

"Hatuna ushahidi, Mama."

"Kibandiko kimeng'olewa. Umeona."

"Huenda hukukibandika."

Nilikuwa na shahidi, na sikuweza kumtaja. Niliyameza hayo, wanangu, na yalikuwa machungu. "Basi andika hivi," nikasema. "Haijulikani nani aliivunja manowari. Hayo nitasaini."

"Siwezi kuandika hivyo. Lazima iwe na jina." Alikuwa amechoka, hata nilimwonea huruma kidogo. "Mama Nestori, hii ni karatasi tu. Haimdhuru mtu. Ni karatasi tu."

Nikaichukua kalamu. Nikaigeuza, nikamshikisha mkononi, upande wa wino ukielekea kwenye ule mstari.

"Kama ni karatasi tu," nikamwambia, "saini wewe."

Hakusaini.